Figo kabla ya baipasi ya moyo: fanya hivi tangu siku ya rufaa mpaka miezi 3 baada ya upasuaji

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, hubadilika sauti tu: "Dada, mzee ameambiwa afanyiwe baipasi, lakini kreatinini iko juu. Watampasua kweli? Si ataishia kwenye mashine?" Baipasi ni upasuaji wa kuunganisha mshipa mwingine ili damu ipite kando ya mshipa wa moyo ulioziba, na kreatinini ni taka ya kwenye damu ambayo figo huitoa: ikiwa juu, figo zinazidiwa. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu kwa mashine (dayalisisi), siyo daktari wa moyo. Wagonjwa wa moyo huletwa kwetu mambo yakishaharibika, figo zikigoma siku mbili tatu baada ya kifua kufungwa. Nimeandika hapa yale niliyochoka kuyarudia kwenye simu.

Jibu fupi kwanza. Udhaifu wa figo peke yake haumnyimi mtu upasuaji. Hata wanaosafishwa damu mara tatu kwa wiki hufanyiwa baipasi. Ila kadiri figo zinavyoshuka ndivyo hatari inavyopanda: damu kutoka zaidi, kidonda kupata maambukizi, siku za ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) kuongezeka, na vifo pia. Mgonjwa ambaye udhaifu wake umejulikana mapema huandaliwa. Ninaowaogopa ni wale ambao figo zao zinagundulika kuwa mbovu wakiwa tayari na mirija shingoni.

Nadharia nitaigusa kidogo tu. Wakati wa upasuaji, mara nyingi moyo husimamishwa na mashine ya moyo na mapafu huchukua kazi ya kusukuma damu. Msukumo wake si ule wa mapigo ambao figo zimeuzoea, presha huweza kushuka, na baadhi ya chembe nyekundu za damu hupasuka njiani na kumwaga mabaki ambayo figo zinalazimika kuyachuja. Figo nzima huvumilia. Figo iliyokuwa ikijikongoja kwa sababu ya sukari au presha ya miaka mingi ndiyo huanguka.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Majibu yote ya kreatinini ya miaka miwili mitatu iliyopita, hata yale yaliyokunjwakunjwa kwenye mkoba wa mama
- Daftari moja (moja tu, tafadhali) la kuandikia tarehe, namba na dawa
- Mzani wa kupimia uzito na mashine ya presha ya mkononi
- Maboksi ya dawa zote anazotumia mgonjwa, pamoja na za kienyeji
- Chupa yenye alama za mililita ya kupimia mkojo
- Ndugu mmoja atakayezungumza na madaktari. Familia ikituma watu watano, kila mmoja atarudi na jibu lake.

Hatua kwa hatua

1. Panga kreatinini kwa tarehe.

Jibu la leo peke yake halimwambii daktari kama figo zinashuka, zimetulia, au zimeumia wiki iliyopita tu. Kreatinini ya 150 iliyokaa hapo miaka mitatu ina habari tofauti kabisa na 150 iliyokuwa 90 mwezi uliopita. Ya pili inataka kutafutiwa sababu kabla mtu hajagusa kifua.

Onyo: usifiche majibu ya zamani. Nimeona familia iliyoacha karatasi nyumbani kwa makusudi, ikiogopa hospitali itamkataa baba yao. Hakukataliwa. Alipasuliwa kama mtu mwenye figo nzima, akapewa dawa kwa dozi za mtu mwenye figo nzima, na siku ya tatu tukaitwa sisi na mashine yetu.

2. Angalia kizio kabla ya kulinganisha namba.

Hapa ndipo simu nyingi zinapoanzia. Maabara nyingi za Tanzania huandika kreatinini kwa mikromoli kwa lita (µmol/L), lakini ukimpeleka mgonjwa India utarudishiwa karatasi yenye miligramu kwa desilita (mg/dL). Mtu anaona 124 Dar es Salaam, kisha 1.4 Chennai, anapiga simu kwa furaha kwamba figo zimepona. Hazijapona, ni namba ile ile. Gawanya mikromoli kwa 88.4 upate miligramu. Kwenye daftari lako chagua kizio kimoja na ugeuze namba zote ziwe za hicho.

3. Hesabu uwezo wa figo wewe mwenyewe.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Mzee aliyekonda hutoa kidogo, kwa hiyo namba yake huonekana nzuri hata figo zikiwa hoi. Ndiyo sababu maneno "kreatinini iko kawaida" hayanitoshi.

Chukua 140, toa umri. Zidisha kwa uzito wa kilo. Kisha gawanya kwa jibu la kuzidisha 72 na kreatinini ya mg/dL. Kama ni mwanamke, zidisha mwishoni kwa 0.85.

Mfano: bibi wa miaka 71, kilo 52, kreatinini 1.2 (yaani 106 kwa kizio cha kwetu). 140 kutoa 71 ni 69. Mara 52 ni 3,588. Upande wa chini, 72 mara 1.2 ni 86.4. Gawanya upate 41.5, zidisha kwa 0.85: ni 35. Sasa mchukue kijana wa miaka 40 mwenye kilo 85 na kreatinini ile ile ya 1.2. Atapata 98. Karatasi zao za maabara zinafanana, ila bibi amebakiwa na kama theluthi ya uwezo wa kijana.

Hesabu hii inaitwa Cockcroft-Gault, na EuroSCORE II, kikokotoo ambacho wapasuaji wa moyo hukitumia kukadiria hatari, hugawa watu kwa kuitumia: zaidi ya 85 ni salama kiasi, kati ya 50 na 85 hatari imepanda, na 50 kushuka chini ni kundi la kuangaliwa kwa macho mawili. Maabara inaweza kukuandikia eGFR badala yake. Hiyo ni hesabu nyingine inayokaribiana nayo, kwa hiyo usishangae namba zikitofautiana kidogo. Ukipata chini ya 60 kwa hesabu yoyote, omba daktari wa figo amwone mgonjwa kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa. Chini ya 30, usikubali tarehe mpaka amemwona.

4. Ongeza vipimo viwili ambavyo husahaulika.

Cha kwanza ni protini kwenye mkojo, yaani uwiano wa albumini na kreatinini. Figo inaweza kuchuja vizuri na huku inavuja. Uwiano wa zaidi ya 30 (miligramu kwa gramu) si wa kawaida, na zaidi ya 300 ni uvujaji mkubwa. Cha pili ni wingi wa damu (himoglobini). Figo dhaifu hupunguza utengenezaji wa damu, na upungufu wa damu nao huzidisha uwezekano wa figo kuumia mezani. Ukigundulika wiki nne kabla, kuna muda wa kutibu kwa madini ya chuma au sindano. Ukigundulika siku mbili kabla, mtaishia kusaka ndugu wa kuchangia damu.

5. Anika dawa zote mezani.

Yamwage maboksi yote juu ya meza, kisha yapige picha umtumie daktari, au nenda nayo. Usisimamishe chochote kwa akili yako. Kazi yako ni kuuliza, kwa kila boksi: hii inaendelea mpaka lini?

*Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao.* Hizi tu ndizo nitakazokuambia uzitupe leo. Hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na duka la dawa la mtaani litakuuzia bila kukuuliza lolote. Kuna na sababu ya pili: baada ya baipasi dawa hizi zimekatazwa kabisa, kwani huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli, au kwa kile atakachoandika daktari.

*Dawa za presha zenye jina linaloishia na "pril" au "sartan".* Kwa muda mrefu hulinda figo, lakini zinaweza kuangusha presha wakati wa usingizi. Wengi huambiwa waziache siku moja au mbili kabla. Ulizia pia zitarudishwa lini, maana mara nyingi husahaulika na mgonjwa akakaa miezi bila kinga.

*Dawa za sukari zinazoishia na "flozin".* Ziachwe angalau siku 3 kabla ya upasuaji, kwa maelekezo ya daktari. Mgonjwa aliyefunga kula huku dawa hii ikiwa mwilini anaweza kupata tindikali kwenye damu hata sukari ikisoma vizuri.

*Metformini.* Shida huja pale figo zinapokuwa dhaifu na dawa ya rangi ya anjiogramu (picha ya mishipa ya moyo, hatua ya 6) ikaingia. Ulizia mapema kama isimamishwe; mara nyingi hurudishwa saa 48 baadaye, figo zikishapimwa tena.

*Dawa za mafuta, zinazoishia na "statin".* Aliyekuwa akizitumia huendelea. Kuna familia huzianzisha siku chache kabla kwa dozi kubwa wakiamini zitakinga figo. Utafiti uliojaribu hivyo kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo haukukuta kinga, na walioanzishiwa waliumia figo zaidi.

*Miti shamba.* Najua utanikunjia uso. Lakini hakuna anayejua kiasi kilichomo kwenye kile kikombe, na mwezi wa kujiandaa kwa baipasi si mwezi wa kujaribu.

6. Weka nafasi kati ya anjiogramu na kisu.

Kabla ya baipasi mgonjwa hupigwa picha ya mishipa ya moyo kwa kuingiziwa dawa ya rangi. Dawa hiyo inaweza kuumiza figo dhaifu, na kreatinini haipandi siku hiyo hiyo. Huanza siku ya pili au ya tatu, hufika kileleni siku ya tatu hadi ya tano, kisha hushuka. Kumpasua mtu kesho yake ni kuzipiga figo mara mbili kabla hazijainuka. Kama hali si ya dharura, omba kreatinini ipimwe tena baada ya siku tatu hivi, na upasuaji usubiri mpaka irudi ilikokuwa. Kama mshipa mkuu wa kushoto umeziba sana na maumivu hayatulii, daktari atasema hakuna muda. Hapo msikilize.

7. Linda mkono.

Hatua hii hairukwi na mtu ambaye figo zake ziko chini ya 30. Mshipa wa mkono wake unaweza kuhitajika siku moja kwa ajili ya fistula ya dayalisisi, yaani mshipa wa vena ulioungwa na wa ateri ili sindano za mashine zichomwe hapo. Wapasuaji nao wakati mwingine huchukua mshipa wa ateri kwenye mkono kuwa kiraka cha moyo. Mwambie daktari mapema, waziwazi, ili achukue wa kifuani na wa mguuni. Sindano zichomwe kwenye kiganja, upande wa nyuma. Na kama fistula ipo tayari, mkono huo hautolewi damu wala haupimwi presha, na daktari ajue iko upande gani, kwa sababu mshipa wa kifuani wa upande huo huo unaweza kugombania damu na fistula.

8. Muulize mpasuaji maswali haya, uandike majibu.

Je, atatumia mashine ya moyo na mapafu, au atapasua moyo ukiendelea kupiga? Wengi huja wamekariri kwamba njia ya pili huokoa figo. Utafiti mkubwa wa CORONARY, wa wagonjwa 4,752 kutoka nchi 19, ulionyesha kuwa majeraha madogo ya figo hupungua kidogo, lakini waliohitaji dayalisisi walikuwa kama 1 kwa kila 100 pande zote mbili. Kwa hiyo chagua mpasuaji mwenye mkono uliozoea njia yake, usichague njia.

Je, hospitali ina dayalisisi ya kitandani ICU, usiku pia?

Je, kwa mgonjwa huyu upasuaji unaongeza nini juu ya dawa? Usione aibu kuliuliza hili. Utafiti wa ISCHEMIA-CKD wa mwaka 2020 uliwafuata watu 777 wenye figo dhaifu sana na moyo uliotulia, na waliopelekwa kufunguliwa mishipa hawakupona zaidi ya waliotibiwa kwa dawa. Wengi wa waliofunguliwa waliwekewa stenti (kijibomba cha kuushikilia mshipa wazi bila kupasua kifua), hivyo haujibu kila kitu kuhusu baipasi, lakini unatosha kufungua mazungumzo.

9. Siku moja kabla.

Uliza maji yasimame saa ngapi. Wengi huacha kunywa tangu jioni ya siku iliyotangulia kwa woga, wakaingia chumba cha upasuaji wakiwa wamekauka. Kama mgonjwa ana moyo uliojaa maji, kiasi atapangiwa, usimjaze. Madafu yaache: yana potasiamu nyingi, na figo dhaifu haziwezi kuitoa. Chumvi mbadala za dukani nazo nyingi ni potasiamu tupu. Anayesafishwa damu kwa kawaida husafishwa siku moja kabla. Kama ni mwezi wa Ramadhani, funga isubiri. Zungumza na familia mapema ili mzee asione anasalitiwa.

10. ICU: uliza mambo mawili kila siku.

Mkojo umetoka kiasi gani, na kreatinini ni ngapi ukilinganisha na ile ya kabla. Kiwango cha chini kinachotakiwa ni nusu mililita kwa kila kilo kwa kila saa. Mtu wa kilo 70 atoe walau 35 kwa saa. Kreatinini ikipanda kwa 0.3 (kama 26 kwa mikromoli) ndani ya saa 48, au ikafika mara moja na nusu ya ile ya awali ndani ya siku 7, hiyo tayari inaitwa jeraha la figo.

Usizimie ukisikia neno hilo. Katika utafiti wa PROTECTION uliochapishwa mwaka 2024, wa wagonjwa 3,511 wa upasuaji wa moyo, jeraha la figo liliwapata 31.7% ya waliopewa dripu ya kulinganishia isiyo na amino asidi, na 26.9% ya waliopewa dripu ya amino asidi (chembe zinazojenga protini). Mengi yalikuwa madogo, ya kupanda na kushuka.

11. Nyumbani, mpaka mwezi wa tatu.

Pima uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Kreatinini irudiwe wiki moja au mbili baada ya kuruhusiwa, kisha mwezi wa tatu hata kama mgonjwa anajisikia mzima. Mwezi wa tatu ndio utakaoonyesha kama figo zimerudi au zimebaki chini, na ndiyo miadi ambayo watu huiruka kuliko zote.

Mambo yakienda mrama

*Mkojo umepungua ghafla usiku wa kwanza.* Kwanza omba mpira wa mkojo uangaliwe. Umewahi kukutwa umekunjwa chini ya paja zaidi ya mara moja. Ukiwa mzima, sababu huwa ni maji machache mwilini, damu inayovuja, au moyo uliochoka kusukuma. Usidai dawa ya kukojoza. Ikimwingia mtu aliyekauka, humkausha zaidi.

*Wamesema wanataka kumwekea dayalisisi.* Uliza sababu: potasiamu imepanda, tindikali, au maji yamejaa mapafuni? Zote tatu huua haraka kuliko mashine. Hali ni nzito, sitakudanganya, lakini kuwekwa kwenye mashine ICU si kuandikiwa mashine ya maisha. Wapo waliotoka nayo baada ya wiki mbili. Kinachotugharimu ni ndugu kuchelewa kusaini wakimsubiri mjomba kutoka Tabora.

*Upasuaji umeahirishwa kwa sababu ya kreatinini.* Msikimbilie hospitali nyingine na jalada jipya. Tumieni siku hizo kurudi hatua ya 5. Mara nyingi tunakuta diklofenaki.

*Uzito umepanda kilo 2 ndani ya siku mbili tatu, miguu imevimba, anahema akilala.* Siku hiyo hiyo hospitali.

*Anatapika au anaharisha.* Mpigie daktari kabla ya dozi inayofuata ya pril, sartan, flozin, metformini na dawa ya kukojoza. Zikiendelea kumezwa mwili ukiwa umekauka, figo hulipa.

*Pril imerudishwa na kreatinini imepanda kidogo.* Ongezeko lisilozidi 30% mara nyingi huvumiliwa na dawa huendelea. Potasiamu ipimwe pamoja nayo.

*Kidonda cha kifua kinauma na parasetamoli haitoshi.* Rudi kliniki. Usiende duka la dawa la kona.